Barua Iliyotaka Ufunguo Tu

Mama Mapazia alikuwa na tabia moja iliyomchosha bintiye. Kabla ya kufagia, kabla hata ya kunawa uso, alikwenda kwenye kompyuta ya duka kuangalia kama mwanawe ameandika. Akikuta hakuna kitu, aliifunga. Akifagia nusu ya chumba, anaifungua tena.

"Mama, utaitoboa hiyo kompyuta kwa macho."

"Acha niitoboe. Macho si yangu?"

Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: vyerehani viwili, meza ndefu ya kukatia, na marobota ya vitambaa yamesimama ukutani kama wageni waliokosa viti. Bintiye aliyeshona naye aliitwa Dada na watu wote, hata na mama yake mzazi, maana ndivyo mdogo wake alivyomwita tangu alipojua kusema, na nyumba nzima ikafuata. Huyo mdogo wake, Kitinda, mtoto wa mwisho, ndiye aliyekuwa akisubiriwa.

Kitinda aliondoka kwa hasira, na hasira yenyewe ilianzia kwenye futi. Katika nyumba ile kulikuwa na sheria mbili za kazi. Ya kwanza: dirisha hupimwa na watu wawili, mmoja ameshika futi juu, mwingine ameishika chini na kusoma. Ya pili: aliyeanza kukata ndiye anayemaliza, na wala haulizwi neno, kwa sababu kitambaa kilichopita mikono miwili hutoka kama kimetafunwa na mbuzi. Kitinda alivunja ile ya kwanza. Alikwenda kupima dirisha la mteja peke yake, akarudi na vipimo vya kubahatisha, na mapazia yalipotundikwa yaliishia magotini. Dada akamwambia mbele ya mteja, "Wewe hata futi inakuonea haya." Jioni ile ile kijana alikunja nguo zake mbili tatu akaenda zake.

Lakini kabla ya kugombana, Kitinda alikuwa ameifanyia familia jambo kubwa. Alilitengenezea duka tovuti, akalisajili jina lake kwenye mtandao, na kuwafungulia anwani ya barua pepe yenye jina hilo hilo. Mama yake, ambaye shule aliiachia darasa la saba, alimuuliza jina la tovuti ni kitu gani.

"Ni kama kibao cha mlangoni, Mama. Unakipangisha kwa watu wa usajili, kila mwaka unakilipia tena. Mimi nimeweka kijilipie chenyewe. Sasa, barua zetu zimening'inia kwenye jina hilo kama pazia kwenye fimbo yake. Fimbo ikianguka, pazia nalo liko chini."

Maneno hayo yalimkaa. Na yalizidi kumkaa baada ya mwanawe kuanza kuhamahama, leo kibarua huku, kesho kule, simu mara imeibiwa, mara imeuzwa. Kila mara aliandika kwa anwani ile ile. "Namba zenu sizishiki kichwani," alisema, "lakini jina la duka letu nalijua hata nikiamshwa usingizini." Barua yake ya mwisho ilikuwa fupi: Nahama tena. Nikitulia nitaandika. Msibadilishe anwani.

Tangu hapo, kimya.

*

Ile barua nyingine ilifika asubuhi ambayo Dada alikuwa ametoka na ngazi kwenda kutundika mapazia kwa mteja. Mama Mapazia alikuwa peke yake, pini mdomoni. Kichwa cha barua kilikuwa kwa herufi kubwa nyekundu: ONYO LA MWISHO.

Aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari. "Ndugu Mmiliki wa Jina. Usajili wa jina lako la tovuti unakwisha leo. Usipothibitisha umiliki kabla ya jua kuzama, jina litafutwa na kupewa mtu mwingine. Barua zote zitakazotumwa kwenye anwani yako zitapotea na hazitarudishwa." Chini palikuwa na picha ya ngao, na saa iliyokuwa ikihesabu kurudi nyuma, dakika zikimwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka.

Pini zilimtoka mdomoni. Fimbo inaanguka! Mwanawe ataandika, na barua yake itafikia wapi?

Usidhani alikuwa mjinga. Mtaani kwao matapeli walijulikana, na kila mtu alikuwa na dawa yao: wakikuomba pesa, ni wezi. Basi akaitafuta pesa ndani ya ile barua, akaisoma tena toka juu hadi chini. Hakuna. Hata senti. Tena waliandika wazi, "Huduma hii ni bure kwa wateja wetu waaminifu." Walichotaka ni yeye kubonyeza kitufe cha bluu, kuandika anwani yake na neno la siri, basi.

"Mwizi gani huyu asiyetaka pesa?" alijiuliza kwa sauti, kama anabishana na cherehani.

Akabonyeza. Akaandika. Neno la siri alilijua, maana Kitinda aliweka moja tu kwa kila kitu, barua na usajili, ili mama yake asihangaike. Ukurasa ukamwambia, "Asante. Jina lako liko salama." Saa ikasimama. Akaokota pini zake chini, moja moja.

Dada aliporudi na ngazi begani, aliona barua imekwisha kufunguliwa.

"Hii ya onyo ni nini?"

"Nimeimaliza."

"Umeimaliza?"

"Si nimekwambia nimeimaliza? Aliyeanza kukata ni nani?"

Dada akanyanyua mikono, akaketi kwenye cherehani chake. Sheria ni sheria. Na hapo ndipo penye kosa lenyewe, maana lilikuwa kosa la nyumba ile tu: walichukua sheria ya mkasi wakaiweka juu ya barua. Mmoja akifungua, mwingine anageuka pembeni kwa heshima. Mwizi angekuwa na shamba asingeomba mvua nzuri kuliko hiyo.

*

Siku zilizofuata Mama Mapazia hakutulia. Alikuwa kama mtu aliyevaa nguo yenye pini iliyosahaulika kiunoni: akiketi inamchoma, akisimama haioni. Alifungua kompyuta, akafunga. Mwanawe hakuandika. Wateja nao hawakuandika.

"Dada, yule wa hoteli alisema ataleta vipimo kwa barua?"

"Alisema."

"Ameleta?"

"Hajaleta. Labda wamebadili mawazo, watu wa hoteli si watu."

"Na yule mwalimu?"

"Kimya."

"Na wale wa zahanati?"

Dada akaacha kukanyaga cherehani. Wote wawili wakaitazama kompyuta, imekaa pale mezani imenyamaza kama mtoto aliyevunja kitu chumba cha pili.

Wakati ule ule simu ya Dada ikalia. Barua za duka zilikuwa zikiingia huko pia. Maandishi yakapita juu ya kioo, naye akayasoma yakipita: "Tumepokea ombi lako la kuhamisha jina kwenda kampuni nyingine. Kama si wewe..." Akaigusa aifungue.

Haipo.

"Mama, imekuja barua, na sasa haipo."

"Umeifuta?"

"Sijaigusa! Nimeiona kwa macho yangu haya. Inasema tumeomba kuhamisha jina. Mama, umehamisha jina la duka?"

"Nilihamishie wapi? Mimi hata kabati sijahamisha tangu baba yenu afe."

"Basi ile ya onyo. Ile uliyoimaliza. Uliimaliza vipi?"

Mama Mapazia alianza kukunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. Alieleza. Alipofika kwenye neno la siri, sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka Dada akalazimika kuinama kumsikia.

"Hawakuomba pesa, mwanangu. Naapa, hata senti."

"Wangeombea nini pesa, Mama? Umewapa ufunguo wa nyumba. Mwenye ufunguo haombi kiti, anajikalia."

Mama Mapazia akaona giza mchana. Basi kuna mtu humo ndani. Sasa hivi, wakati wao wanazungumza, kuna mtu asiyemjua ameketi ndani ya barua zake, anachungulia zinazoingia na kuziondoa kabla hajaziona. Akashika ukingo wa meza.

"Anaziweka wapi?"

"Nini?"

"Anazoziondoa! Sindano ikipotea humu tunaitafuta wapi? Si kwenye mfuko wa vipande? Humo ndani ya kompyuta hamna taka?"

Dada akamtazama mama yake, kisha akavuta kiti. Taka zilikuwepo, kijipicha kidogo cha pipa pembeni ambacho hawakuwahi kukigusa. Akakifungua.

Zilikuwa zimejaa humo, barua zote za siku zile. Mteja wa hoteli alikuwa ameleta vipimo, na barua ya pili ya kuuliza mbona kimya. Mwalimu yumo. Zahanati imo. Barua tatu za kampuni ya usajili zimo. Mwizi alikuwa ameweka amri kwamba kila kinachoingia kitupwe, ili onyo la kampuni lisimfikie mwenye mali mpaka jina liwe limekwenda.

Na katikati yake, Kitinda.

Mama Mapazia aliinyakua kompyuta ikageuka upande wake.

"Mama, Dada, shikamooni. Nipo mji wenye njia panda, gari moja linakuja huko kwetu, lingine linakwenda mbali zaidi, huko wamenipa kazi. Simu sina, hii nimeazima ya rafiki. Nilikosa kwa lile pazia, na Dada alikosa kwa maneno yake. Mimi yangu nimeyatupa. Kama na yeye ameyatupa, niandikieni, nirudi nyumbani. Nikiona kimya nitaelewa bado, wala sitawalaumu."

Ilikuwa ya siku ile ile ya onyo, jioni.

Dada alikaa mkono mdomoni. Mama yake alikuwa ameshaanza kubonyeza herufi: N, J, O...

"Usijibu!"

"Nisijibu? Mtoto anasubiri njia panda!"

"Mama, tukijibu humu mwizi anasoma. Atajua tumeshamuona, atafunga mlango na sisi tukiwa nje. Tubadili kufuli kwanza."

"Kufuli! Mwanangu anadhani tumemkataa, wewe unaniambia kufuli!"

"Na mimi ndiye niliyemtukana!" Dada alipaza sauti, kisha akaishusha. "Unadhani mimi siungui? Lakini nikiharakisha sasa hivi nitafanya kama wewe ulivyofanya. Walikukimbiza na saa, ukakimbia."

Mama Mapazia alitaka kumchapa. Hakumchapa, kwa sababu lilikuwa kweli.

*

Wakazifungua barua tatu za kampuni ya usajili. Kila moja ilikuwa na kitufe: Bonyeza hapa kuzuia. Mkono wa Dada ukasogea, na mama yake akaudaka hewani.

"Kitufe tena? Na hizi utajua vipi ni za kweli? Zote zinatisha, zote zina picha nzuri."

Hapo wakakwama. Aliyeumwa na nyoka hata kamba humshtua, na sasa hata barua ya kuwaokoa waliiogopa. Mama Mapazia alizunguka meza. Alipita kwenye marobota, vidole vikigusa vitambaa kwa mazoea, mpaka vikafika kwenye ukingo wa robota moja, pale kiwanda kinapoandika jina lake. Akasimama.

"Dada. Mchuuzi akikuletea kitambaa anakusifia maua. Sisi tunatazama wapi?"

"Ukingoni."

"Barua ina ukingo?"

Dada akaelewa. Wakaiweka barua ya onyo upande mmoja, na upande wa pili barua ya zamani, ile ya mwaka uliopita iliyomjulisha Kitinda kwamba jina limelipiwa. Wakatazama anwani ya aliyetuma, si jina lililoandikwa kwa wino mnene, bali mkia wake, baada ya ile alama ya a iliyozungushiwa. Barua ya zamani ilikuwa na jina la kampuni, safi. Barua ya onyo ilikuwa na mkia mrefu wa herufi na tarakimu zisizosomeka, kama mtu aliyekanyaga vitufe kwa kisigino. Tena barua ya zamani iliwaita kwa jina la duka, na ikataja tarehe ya kulipia tena, ambayo ilikuwa mbali bado. Ya onyo iliwaita "Ndugu Mmiliki." Mtu anayetunza jina lako mwaka mzima, akose kukuita kwa jina!

"Nililitazama ua," Mama Mapazia alisema. "Ukingo sikuutazama."

Zile barua tatu zilikuwa na mkia sawa na wa zamani. Hata hivyo hawakubonyeza kitufe chochote. Dada aliandika jina la kampuni kwa vidole vyake mwenyewe, herufi moja moja, huku mama yake akimsomea kutoka barua ya zamani. Walipofika kwenye ukurasa wao wakachukua namba ya simu iliyokuwa pale, wakapiga.

Aliyepokea alikuwa mwanamume mwenye mafua. Dada alieleza haraka haraka, na mwisho akasema, "Neno letu la siri ni—"

"Nyamaza, dada yangu!" yule mtu alimkatisha. "Usiniambie. Sisi hatuliulizi, na anayeliuliza si sisi. Kata simu. Nitawapigia mimi, kwa namba iliyo kwenye faili la jina lenu."

Wakakata. Simu ikakaa kimya mezani. Mama Mapazia aliitazama kama mtu anayesubiri chungu kichemke, akavuta uzi kwenye kanga yake, akauvuta tena mpaka pindo likaanza kufumuka.

Ikalia, maana Kitinda alikuwa ameandikisha namba ya Dada. Yule mwenye mafua aliuliza maswali yake, akabonyeza anavyobonyeza huko kwake, akapiga chafya, akasema, "Lilikuwa mlangoni, mama. Kesho lisingekuwepo. Nimelifunga, halitoki." Akawaelekeza kubadili neno la siri, moja la barua na lingine kabisa la usajili, na kufuta ile amri ya kutupa barua. Kila hatua Mama Mapazia alisoma kwa sauti kilichoandikwa, na Dada hakugusa kitu kabla ya kusikia hadi mwisho. Walikuwa wakipima dirisha, mmoja juu, mwingine chini. Hakuna aliyelisema hilo, lakini wote wawili waliliona.

*

Ndipo wakamjibu Kitinda. Mama Mapazia alitaka kuandika mengi, akaishia mstari mmoja: Rudi nyumbani, barua yako iliibiwa njiani. Dada akaongeza wake: Yangu niliyatupa siku nyingi. Nisamehe.

Siku hiyo hakuna jibu. Ya pili yake hakuna. Ile simu ilikuwa ya kuazima, na njia panda haina mwenyewe. Mama Mapazia alishona pazia upande wa ndani nje, akalifumua, akalishona tena vile vile. Alimhesabia mwanawe vituo kichwani: sasa amepanda lile gari la mbali, sasa ameshuka, sasa anawaambia watu wa huko kwamba hana kwao.

Jibu lilikuja Dada akiwa uani anaanika. Lilitoka kwa anwani ngeni kabisa, haijawahi kuonekana. "Mama, ni mimi. Nimepata barua yenu kupitia kwa rafiki. Sasa natumia anwani hii."

Mkono ukaenda kwenye vitufe wenyewe. Kisha ukarudi. Mwizi alikuwa ameisoma barua ya mwanawe. Alijua kuna mtoto, kuna njia panda, kuna pazia. Angeshindwa nini kuandika "Mama, ni mimi"?

"Dada!" aliita. "Acha hizo nguo! Njoo ushike upande wa pili!"

Dada alikuja na maji mikononi, akasoma, akasoma mkia, akatikisa kichwa. "Huu hausemi kitu. Muulize."

"Nimuulize mwanangu kama ni mwanangu?"

"Akiwa yeye atacheka. Asipokuwa yeye atakasirika."

Wakaandika: Lile pazia lilikuwa la nani, na rangi gani, na uliliharibu vipi?

Wakasubiri wamesimama. Dada maji yalimkauka mikononi. Mama Mapazia alikuwa akisema kitu chini kwa chini ambacho hata yeye hakukisikia.

"La yule daktari wa meno. La kijani. Nilipima peke yangu, futi nikaibana dirishani kwa jiwe, jiwe likateleza. Hamkuwahi kuniuliza, ningewaambia. Sasa na mimi nitajuaje kama ninyi ni ninyi? Mama ananiita nani nikimuudhi?"

Dada alicheka mpaka akaketi chini. Mama Mapazia aliandika herufi moja moja, machozi yakimziba, na Dada akimsahihisha: Kiroboto wewe.

"Ndiye," likaja jibu. "Mama, nilishapanda gari la mbali. Nilingoja, nikaona kimya. Kazi nimeshaianza, nimekula chakula chao, siwezi kutoka leo wala kesho. Nikiimaliza nitageuza. Dada aniwekee futi."

Mama Mapazia aliisoma mara nyingi sana. Atageuza, lakini si leo. Gari lile angelipanda la kuja nyumbani, kama yeye asingebonyeza kitufe cha bluu mchana mmoja akiwa peke yake na pini mdomoni. Hilo hakuna neno la siri litakalolirudisha.

Bado kila asubuhi huifungua kompyuta kabla ya kunawa uso. Tofauti ni hii: haisomi akiwa peke yake tena. Barua ikiingia, hata ya mteja anayeuliza bei ya pindo, hurudi nyuma hatua na kumwita bintiye. Dada hulalamika, mikono imejaa kitambaa.

"Mama, hiyo ni ya watu wa hoteli tu!"

"Umeijuaje? Umeuona ukingo? Njoo ushike."